Moto wa juzi ndani ya ndoo ya chokaa

Nyuma ya mkono wangu wa kulia, juu kidogo ya kiganja, kuna alama nyeupe ya ukubwa wa mbegu ya fenesi. Watu wakiiona wanadhani pasi au mafuta ya mihogo, mi huwa nasema chokaa, na wengi hawaelewi chokaa inaunguzaje mtu maana chokaa wanayoijua ni ile ya kupaka ukuta, ya baridi. Leo ntaielezea vizuri, manake siku ile ndiyo siku niliyoelewa joto ni kitu gani, na nilikuwa nimeshasoma joto darasani wiki nzima nzima bila kulielewa.

Ilikuwa likizo ya mwezi wa 6, 2011, nipo fomu faivu. Nilienda kwa mjomba wangu kusini ya Unguja, kijiji kimoja cha pwani ambako ardhi yenyewe ni mawe matupu, ukichimba muhogo unapiga jembe unasikia kaa! Mjomba alikuwa mpika chokaa. Hiyo kazi kaikuta kwa baba yake, na baba yake kaikuta pia. Alivyosikia nasoma kemia akafurahi kweli, akanambia "Mjomba, umekuja wakati mzuri, Jumatano tunawasha tanuu" (sisi kule mjomba na mpwa wanaitana mjomba wote wawili).

Tanuu lenyewe mtu asifikirie jengo. Ni lundo. Magogo ya minazi mikongwe iliyoacha kuzaa yanapangwa chini kwa duara, vichwa vyote vinatazama katikati, safu juu ya safu mpaka inafika kifuani kwa mtu mzima, na katikati linaachwa tundu kama kisima. Alafu juu ya magogo ndiyo yanapandishwa mawe, mawe ya matumbawe yaliyopondwa saizi ya ngumi mpaka saizi ya kichwa. Mikoko hakuwa anaikubali, alisema mikoko ni nyumba ya samaki, mnazi uliozeeka unatosha. Kwenye lile tundu tukajaza makumbi na vifuu na makuti makavu, na Jumatano baada ya isha, upepo ulipotulia, mjomba akapiga bismillahi akatupa kijinga.

Jamani ule moto. Nimeona moto wa majiko, moto wa kuchoma mashamba, ule ulikuwa mwingine. Ulianza mwekundu ukaja njano, na usiku wa manane mawe ya katikati yenyewe yakawa yanawaka, sio kuni, mawe! Yamekuwa rangi ya chungwa kabisa, na huwezi kusogea hatua 10 karibu uso ukastahamili. Nikamuuliza mjomba kwanini magogo mengi hivi, maana lundo la magogo lilikuwa kubwa kuliko la mawe, akajibu moto mdogo haupiki jiwe, unalipasha tu, likipoa linabaki jiwe bichi na umepoteza kuni zako bure.

Hilo neno "bichi" nililiandika kwenye daftari usiku uleule kwa mwanga wa tanuu.

Manake shuleni madam wetu wa kemia alikuwa ametufundisha hii riaksheni kwenye ubao. Kalsiamu kaboneti, ndiyo jiwe lenyewe, ukiipasha sana inavunjika, inatoa kalsiamu oksaidi, ndiyo chokaa, na hewa ya kaboni dayoksaidi, na kila moli moja (kipimo cha wanakemia, ya jiwe hili ni kama gramu 100) inavuta kilojuli 178 za joto. Riaksheni ya kuvuta joto, endothemiki, ndiyo hiyo. Nilikariri, nikapata maksi zangu. Lakini ndani ya moyo nilikuwa naona kama ni maneno tu, hivi "kuvuta joto" maana yake nini? Joto linaenda wapi likishavutwa? Kwangu joto lilikuwa kitu kinachopotea, kama moshi, umewasha umepika umezima, kwisha.

Alhamisi tukaliacha lipoe. Ijumaa asubuhi mapema tukaenda kuchagua mawe. Hapo ndiyo kitu cha kwanza kilinishtua, nilinyanyua jiwe kubwa nikajiandaa kwa uzito, likaja mkononi kama kifuu kikavu, jepesi mno! Mjomba akacheka akasema hilo limeiva. Akanionyesha namna ya kulijua, lililoiva ni jepesi na ukiligonga linalia kama kigae, bichi ni zito na linalia "du". Nikakaa pembeni nikapiga hesabu palepale. Gramu 100 za jiwe zinabaki gramu 56 za chokaa mbichi (hii ni chokaa iliyopikwa ila haijatiwa maji, sio jiwe bichi la mjomba), gramu 44 zimeondoka ni hewa. Karibu nusu ya jiwe imepaa usiku nikiwa nimesimama naangalia na sikuona chochote kinachopaa isipokuwa cheche na moshi wa kuni.

Sasa kulikuwa na fundi mwashi anasubiri chokaa ya kuziba nyufa za ukuta wa msikiti wa zamani, ukuta wa mawe na udongo na chokaa, sio ukuta wa saruji, na mjomba alitaka kumzimulia, yaani kuitia maji, kidogo ya kuanzia siku ileile. Kwa kawaida yeye alikuwa anamwagia maji kwenye nusu pipa la chuma. Pipa lilikuwa mbali, mimi na binamu yangu mdogo tukaona tumsaidie. Tukachukua ndoo ya plastiki, ile ya lita 20 iliyokuwa ya rangi, tukajaza mawe yaliyoiva mpaka nusu, binamu akamimina kata tatu nne za maji ya kisima. Maji ya baridi yale, tumetoka kunywa.

Kwanza hamna kitu. Mawe yalinyonya maji yakatulia, binamu akaniangalia akasema mbona kimya. Nadhani dakika moja ilipita, labda pungufu. Alafu yakaanza kulia, ta, ta, tatata, kama bisi kwenye sufuria, yanapasuka yanafunguka yanavimba, mvuke ukapanda mweupe mzito, maji yanatokota ndani ya ndoo iliyokaa juu ya mchanga, chini hakuna moto hakuna kaa hakuna chochote! Mimi nikainama niangalie. Ndoo ikalegea. Ubavu wake uliingia ndani kama mtu kaubonyeza, ikalala upande, na uji wa chokaa ukaruka ukanipata mkononi.

Sikupiga kelele mara moja kwa sababu sikuamini. Akili inakwambia maji ya kisima hayaunguzi.

Mjomba alikuja mbio. Akachukua kanga ya shangazi iliyokuwa kwenye kamba, kavu, akafuta kwanza chenga zote za chokaa zilizoniganda, ndiyo akashika dumu la maji akawa anamimina, anamimina, likaisha akaagiza jingine, nadhani alimimina kwa muda wa kutosha mtu kula na kumaliza. Mi nilitaka aanze na maji, akakataa, akasema ukitia maji kidogo kwenye chenga kavu unaziwasha juu ya ngozi. Baadaye shule nilijua pia kwamba chokaa iliyozimwa ni kali yenyewe hata ikipoa, alkali ya pH 12 na ushee, inakula ngozi, na jichoni ndiyo usiombe. Binamu hakupata hata tone, alhamdulillahi.

Na wakati anamimina, mjomba alisema maneno ambayo mpaka leo nayasikia na sauti yake. Hakugomba. Alisema, "Mjomba, usidhani maji ndiyo yamekuunguza. Huo ni moto wa juzi. Ulikuwa umelala ndani ya jiwe."

Moto wa juzi!

Usiku ule mkono umefungwa kitambaa sikulala, nikatoa daftari. Nilikuwa na data zangu za joto la kuundika, yaani joto linaloachiwa au kuvutwa kitu kikiundwa kutoka elementi zake, tulizonakili kwa madam. Nikaandika riaksheni ya ndoo, kalsiamu oksaidi na maji kupata chokaa iliyozimwa, nikatoa na kujumlisha, ikaja hasi 65. Kila moli inaachia kilojuli 65. Nikageuza kwa kilo ili nione kwa macho, kilo moja ya chokaa mbichi ina karibu moli 18, kwahiyo inaachia zaidi ya kilojuli 1,100. Na lita moja ya maji ya kisima kuifikisha kuchemka inataka kama 300 tu. Yaani kilo moja ya yale mawe mepesi, makavu, baridi, unayoweza kuyashika kiganjani, ina joto la kuchemsha karibu lita nne za maji kama hakuna linalopotea. Na sisi tulitia nusu ndoo! Plastiki ingefanya nini.

Basi nikaelewa, kuvuta joto sio kupoteza joto. Jiwe lilivuta ule moto wa Jumatano likauweka, sio kama maji ya moto kwenye chupa ya chai ambayo yakipoa basi, maana jiwe lilikuwa limeshapoa kabisa asubuhi, baridi. Limeuweka kwenye namna lilivyofungamana. Kalsiamu oksaidi imebaki juu, kama mtu aliyepandishwa dari ngazi ikaondolewa, na mlango wa kwanza ukifunguliwa anashuka kwa kishindo. Maji ndiyo mlango.

Lakini hesabu haikufunga, na mi hesabu isipofunga silali. Jiwe lilivuta 178. Ndoo imerudisha 65. Zile 113 ziko wapi? Nilirudia kuanzia mwanzo mara tatu nikidhani nimekosea alama ya hasi. Hapa ndiyo kanuni ya Hess ilinijia, ile aliyoitoa mwanakemia Germain Hess mwaka 1840 akiwa St. Petersburg, kwamba kama umeanzia hapa na ukaishia pale, jumla ya joto ni ileile hata upite njia gani au vituo vingapi. Kwahiyo kama kuna njia ya kuirudisha chokaa kuwa jiwe, lazima zile 113 zitoke mahali njiani. Lazima. Ila sikujua njia ni ipi, nani anarudisha chokaa kuwa jiwe?

Kesho yake nilimfata yule fundi msikitini mkono umefungwa. Nilimkuta anakandika ufa, anaugusa taratibu, kila mara anaurashia maji. Nikamsalimia shikamoo fundi, marahaba, nikamuuliza hii inakauka lini. Akaniambia haikauki hii, inakomaa. Juu itashika siku chache, ndani itachukua miaka, na ukuta mnene zaidi ya hapo, akagonga kipande cha ukuta wa zamani na kisu chake akasema sikia, hii babu zetu walikandika uji kama huu huu, leo jiwe.

Nilikaa chini kwenye baraza ya msikiti nikaandika kwenye daftari juu ya goti. Chokaa iliyozimwa inachukua kaboni dayoksaidi kutoka hewani, inakuwa kalsiamu kaboneti tena, inatoa maji. Nikaweka namba. Hasi 113.

65 na 113, 178.

Nilihisi kitu ambacho sijawahi kuhisi darasani, mwili wote ulisisimka. Deni la tanuu limelipwa kwa awamu mbili, ya kwanza kwenye ndoo kwa dakika chache mpaka plastiki ikalegea, ya pili kwenye ukuta kwa miaka, polepole kiasi kwamba hakuna mkono wa mtu utakaoijua. Na ile gramu 44 iliyopaa usiku, hewani inarudi kuingia ukutani chembe kwa chembe, na lazima ichelewe maana hewa tunayovuta ina sehemu kama 4 tu za kaboni dayoksaidi kwenye sehemu 10,000, na ukuta ukikauka sana pia inagoma, ndiyo maana fundi alikuwa anarashia maji. Kuni ni habari nyingine, hewa ya kuni ukuta hauirudishi.

Na hata "bichi" ya mjomba nayo ilipata jibu muhula uliofuata tulipofika kwenye entropia, yaani kipimo cha kutawanyika. Jiwe kuvunjika ni kazi ya kupanda, linataka joto, kinacholisukuma ni ile hewa inayotoka na kutawanyika, na huo msukumo unakua kadri nyuzi zinavyopanda. Nikagawa kilojuli 178 kwa entropia ya riaksheni, juli 160 na kidogo kwa kila Kelvin, ikaja kama Kelvin 1,110, nikatoa 273 kupata nyuzi za Selsiasi, kama nyuzi 840, na matanuu ya kweli yanapikwa 900 hivi na kwenda juu. Chini ya hapo jiwe unalipasha tu. Na kuni kavu kilo moja inatoa kama megajuli 15, kwa karatasi ingetosha kupika kilo 8 za mawe, lakini lundo lile liko wazi na joto kubwa lilikwenda angani kutuunguza nyuso zetu, ndiyo maana magogo mengi vile. Nilinyoosha mkono nikamueleza madam habari ya tanuu, akaniacha nichore duara zima ubaoni, pembe tatu na mishale mitatu. Sikutumia daftari.

Mjomba alifariki miaka kadhaa baadaye. Kila nikienda kule napita msikitini kuswali, na nikitoka huwa naweka kiganja kwenye ule ufa, upande wa kibla, ambako plasta ya fundi bado inaonekana nyeupe kuliko pembeni yake. Ni baridi. Najua ndani bado inatoa.