Mlango Usiokutambua

Mwanangu alikuwa akichakura droo, akaibuka na ufunguo uliochakaa. "Baba, huu unafungua nini?" Haufungui kitu. Niliachiwa na yule mkufunzi wetu wa uandishi, siku ya zoezi la kubuni ulimwengu.

Alitugawia vitu vya kawaida: kifungo, kijiko, kibiriti, mimi nikapata ufunguo. Sharti lilikuwa moja: badilisha jambo moja tu, mengine yaache yalivyo, kisha fuata matokeo mpaka uchoke. Wengi walikimbilia uchawi. Kijiko kikaanza kuongea, kifungo kikapaa. Mkufunzi akasikiliza kama mtu aliyejibanza barazani akingoja mvua ikatike.

Mimi niliugeuzageuza ule ufunguo. Meno mawili ya mbele yalikuwa yamelika, la tatu bado kali. Habari za kufuli za aina ile, ambazo fundi wa Kimarekani Linus Yale Jr. alizipatia hataza, yaani haki ya uvumbuzi, mwaka 1861, nilizijua kidogo: ndani mna vijiti vya urefu tofauti vinavyosukumwa na springi. Meno ya ufunguo huviinua mpaka vilingane kwenye mstari mmoja, ndipo silinda inazunguka. Kimoja kikizidi hata kidogo, utalala nje. Nikaandika: katika ulimwengu wangu vijiti hurefuka kila usiku, na ufunguo hujirekebisha pale tu unapotumika. Ukikawia safarini, mlango haukutambui tena.

Basi mambo yakaanza kujileta yenyewe. Ikazuka kazi ya mtunza ufunguo, anayelipwa kufungua na kufunga nyumba za wasafiri. Ikazuka na sheria: nyumba ni ya aliyeifungua mara ya mwisho. Niliposoma, darasa zima likacheka, isipokuwa dada mmoja ambaye kwa kawaida haongei. Akauliza, "Na aliyefungwa jela je? Siku akitoka?"

Kicheko kikakatika. Nilitaka kusema mtunza ufunguo atamfungulia. Lakini kwa sheria yangu mwenyewe, mtunza ufunguo ndiye sasa mwenye nyumba.

"Endelea na huyo," mkufunzi akasema, akahamia kwa mwenye kibiriti.

Hadithi sijaimaliza. Mahakama ninayo, kodi ninayo, hata matusi ya watu wa huko ninayo. Mfungwa ndiye bado yuko nje. Kila nikimtafutia njia ya kuingia nakuta nimebadilisha jambo la pili, na siku nyingine naona heri nilivunje tu hilo sharti.