Sura ya nne ndiyo niliyoituma

Nilipoanza kuomba kazi za kufundisha historia kwenye vyuo vikuu vya nje, barua ya maombi na wasifu havikunisumbua sana. Kilichonikalisha kitako ni kipengele kifupi karibu na mwisho wa tangazo: sampuli ya uandishi, isizidi kurasa 25. Huku kwetu Tanzania hatujazoea kuulizwa hivyo. Ukiomba uhadhiri msaidizi kupitia Sekretarieti ya Ajira, kwa kawaida kinachotangulia ni GPA, yaani wastani wa alama, 3.8 ya shahada ya kwanza na 4.0 ya uzamili, kisha usaili. Wamarekani, hasa katika historia, fasihi na falsafa, wanataka kukusoma kabla hawajakuona uso.

Tasnifu yangu inahusu manamba, yaani vibarua wa mkataba walioletwa kutoka mbali, wa mashamba ya mkonge mkoani Tanga, kuanzia miaka ya 1940 hadi Azimio la Arusha. Nilikuwa na maandishi ya aina tatu. Kulikuwa na makala iliyokwisha kuchapishwa kwenye jarida linaloheshimika, niliyoiandika pamoja na msimamizi wangu. Kulikuwa na sura ya kwanza ya tasnifu, inayoanza na Mjerumani Richard Hindorf kuagiza miche elfu moja ya mkonge kutoka Florida mwaka 1893, ikafika 62 tu iliyo hai, kisha inapanda reli kutoka Tanga hadi Moshi na kuishia kwa mabishano na wanahistoria walionitangulia. Na kulikuwa na sura ya nne, juu ya kipande, kadi ya kuhesabia siku za kazi za kibarua, ambayo ilikuwa haijachapishwa popote.

Karibu kila niliyemuuliza alisema tuma makala, imeshapita kwa wahakiki, nani atabisha? Mimi niliiondoa mapema. Ina majina mawili, na kamati ya ajira haina namna ya kujua hoja ipi ni yangu na ipi ni ya profesa. Kwa wenzetu wa sayansi makala ya watu sita ni jambo la kila siku. Kwenye historia wanaajiri mtu mmoja na wanataka kusikia sauti yake peke yake. Tena makala hiyo ilikuwa tayari kwenye wasifu, kwa hiyo sifa ya kuchapishwa nilikuwa ninayo hata nisipoituma.

Sura ya kwanza ndiyo iliyoniuma kuiacha. Ndiyo yenye lugha ya kujivunia, na watu huipenda ile habari ya miche 62. Nikaamua nisiiamulie peke yangu. Jirani yangu hapa Chumbageni ni mwalimu wa kemia, msomaji mzuri asiyejua lolote kuhusu historia ya vibarua. Nikampa kurasa za mwanzo za sura zote mbili nikamwomba kitu kimoja tu: aniambie mwandishi anadai nini. Kwa wanakamati wengi hali ni hiyohiyo. Mmoja ni mtaalamu wa China, mwingine wa Ulaya ya kale, na pengine hakuna hata mmoja aliyewahi kusikia jina la Muheza.

Alirudi jioni. Kuhusu sura ya kwanza akasema, "Dada, hapa nimeelewa unagombana na nani. Sijaelewa wewe mwenyewe wasemaje." Kuhusu ya nne akauliza, "Kwa hiyo mwezi wao ulikuwa hauishi?"

Ndiyo hoja yenyewe hiyo. Kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi. Siku ambayo kibarua hakumaliza kazi aliyopangiwa haikuandikwa, hata kama alishinda shambani toka alfajiri. Siku 30 za kadi zikawa zinavuka mwezi wa kalenda, na mshahara ukasubiri. Katika sura hiyo nalinganisha kadi hizo na hesabu za wenye mashamba, pamoja na za SILABU, chombo walichokiunda mwaka 1944 cha kuajiri vibarua kutoka mbali, halafu naweka maneno ya wazee niliowahoji. Msomaji ananiona nikishika ushahidi mkononi na kuugeuza. Sura ya kwanza ilionyesha kwamba nimesoma vitabu vya watu, na hilo kila mwenye shahada ya uzamivu amelifanya.

Wanasema kizuri chajiuza. Kwenye lundo la maombi sioni kinachojiuza, kila kitu hutembezwa, na swali la yule mwalimu nikalifanya sentensi yangu ya kwanza.

Kazi kubwa ikawa kupunguza, maana sura ilizidi kurasa 50. Kunyofoa kidogo hapa na kidogo pale kunaiacha sura imekondeana kote, kwa hiyo nilitoa sehemu mbili nzima, ya sheria za kazi na ya masoko ya singa, yaani nyuzi za mkonge, nikabakiza shamba moja na watu wake. Tanbihi za sehemu iliyobaki sikuzigusa, kwa sababu wasomaji wa fani yangu hutazama huko kujua kama kweli ulikwenda Nyaraka za Taifa. Maneno kama manamba, kipande na korona (mashine ya kuchakata mkonge) niliyafafanua mara moja, ndani ya sentensi. Juu kabisa nikaweka aya fupi inayosema hii ni sura ya nne kati ya sita, imefupishwa, na inahusiana hivi na tasnifu nzima. Aya ile ni ndogo ila humwokoa msomaji asijiulize kilichokatwa kilikuwa nini.

Jambo ambalo wengi hawalifikirii ni barua za wadhamini. Msimamizi wangu alikuwa ameisifu ile makala kwa aya nzima. Nikamwandikia kwa adabu, "Shikamoo Profesa, safari hii natuma sura ya kipande," naye akabadilisha aya hiyo. Kamati ikisoma barua inayosifu kitu kimoja na kukuta kimeambatishwa kingine, inabaki na maswali.

Sikutuma sura hiyo kila mahali. Chuo kimoja cha Uingereza kilitaka maandishi yaliyochapishwa, kikapata makala, pamoja na maelezo ya sehemu nilizoandika mimi. Na kwa wanaoomba Marekani mkiwa huku: saa sita usiku ya New York ni saa moja asubuhi ya Tanga, na wakirudisha saa zao nyuma mwanzoni mwa Novemba inakuwa saa mbili. Mimi nilituma jioni ya siku iliyotangulia, siuamini umeme wa asubuhi.

Usaili ulikuwa wa mtandaoni. Mwanakamati mmoja, mtaalamu wa Amerika ya Kusini, alikuwa na kurasa zangu mkononi, zimechorwachorwa kwa penseli. Akauliza kama mashamba ya mkonge ya Yucatán, Meksiko, nayo yalikuwa na kitu kama kipande. Nikamjibu kwamba kule deni ndilo lililomfunga mtu shambani, huku walimfunga kwa siku zisizoandikwa. Tukabishana hapo kwa raha hadi mwenyekiti akatukatiza, na maswali ya ufundishaji yakapitiwa mbiombio. Nafasi niliipata, ya mkataba wa miaka miwili. Sura ya nne sasa naigeuza kuwa makala, na Yucatán imeshapewa aya yake.