Si ya Wafaransa haimpendi rais

Chui tulimkosa kwa dakika ishirini hivi. Wageni wangu, mume na mke wastaafu kutoka Lyon, walikuwa wamekaa sana na kahawa yao kambini, na mimi sikutaka kuwaharakisha. Tulipofika kwenye mti ule pale Seronera tukakuta magari manne yanageuza. Dereva mwenzangu akapunguza mwendo, akashusha kioo: "Ameshashuka, kaingia kwenye majani."

Nikageuka nyuma kuwatafsiria, na kwa kuwa nilikuwa na uchungu kidogo nikaongeza la kwangu: "Si nous serions partis à six heures, nous aurions vu le léopard." Nilikusudia: tungeondoka saa kumi na mbili, tungemwona chui.

Mama akanitazama kwa huruma. Alikuwa amefundisha shule miaka mingi, na mwalimu hastaafu. Akainua kidole kama yuko mbele ya darasa, akasema taratibu: "Les si n'aiment pas les rais." Halafu akairudia kwa kuimba. Nikaiandika juu ya boksi la lanchi nisije nikaisahau. Mchana dereva mwenzangu akaliona lile boksi, akasoma sauti ya chini, akaniuliza kwa wasiwasi: "Chalii yangu, rais kafanya nini tena?"

Rais wa watu hajafanya kitu. Hiyo "rais" inasomwa "re", nayo ni mkia wa vitenzi: aurais, serais, voudrais. Na "si" yao si ile yetu ya kukanusha, ni "kama". Maana yake ni kwamba sentensi yenye "si" ya masharti haipokei kitenzi chenye mkia huo upande ule ule wa "si". Watoto wa Ufaransa hufundishwa wimbo huu shuleni kwa sababu na wao hukosea hapo hapo, jambo lililonifariji kiasi. Nilitakiwa kusema: "Si nous étions partis à six heures, nous aurions vu le léopard."

Usiku ule hemani nilikaa nikijiuliza kwa nini kosa hili linanirudia mwaka wa tatu sasa, wakati kanuni naijua. Jibu nilikuwa nalo mdomoni tangu shule ya msingi. Sisi tunasema: "Tungaliondoka mapema, tungalimwona chui." Ngali huku, ngali kule. Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa anatufinya masikio tukichanganya. Ukiandika "Ungekuja ungalimkuta" unapigiwa mstari mwekundu: nge na nge, ngali na ngali, basi. Kiswahili kinataka pande mbili zivae sare. Kifaransa kinataka pande mbili zivae nguo tofauti, na ukizivisha sare wanakusahihisha mbele ya chui asiyekuwepo. Kwa hiyo kila nikisema "si j'aurais" huwa ni Kiswahili safi kinachotembea na maneno ya kuazima.

(Mitaani hata hiyo ngali tumeshaizika. Arusha mjini utasikia "ningejua jana nisingeenda" na hakuna anayeshangaa. Ngali imekufa, amebaki nge.)

Upande wa "si" unakaa wakati uliopita timilifu: j'avais su, nous étions partis. Upande wa matokeo ndio unakaa hiki wanachokiita conditionnel passé: aurais au serais, halafu kitenzi chenyewe katika umbo la kumalizika. Nilikariri orodha nzima, j'aurais, tu aurais, il aurait, nous aurions, vous auriez, ils auraient, na haikunisaidia chochote mpaka mwalimu wangu wa darasa la jioni aliponiuliza swali moja. Yeye ni mtu wa Bukavu, alifika Arusha enzi za ile Mahakama ya Rwanda, ambayo ilifungwa mwisho wa 2015, kazi yake ikiwa kutafsiri. Mji huu umejaa Kifaransa cha namna hiyo, kilichokuja na makabrasha ya kesi kabla hakijaja na watalii. Akaniuliza: "Mdogo wangu, 'ningekuwa nimefika' ni maneno mangapi?"

Mawili. La kwanza limebeba nge, la pili limebeba me ya jambo lililokwisha. Akaandika ubaoni chini yake: je serais / arrivé. Ningekuwa, nimefika. J'aurais / fini. Ningekuwa, nimemaliza. Nilitamani kumkumbatia. Miaka yote nilikuwa nalinganisha conditionnel passé na "ningalifika", neno moja lililofungwa kama furushi, kumbe pacha wake wa kweli ni hili la maneno mawili ambalo tunalitamka kila siku bila kulifikiria. Tangu siku ile sijakosea umbo. Mahali pa kuweka "si" ndipo ninapokosea.

Ukanusho ndio unaoonyesha jinsi lugha hizi zinavyopanga mizigo. Sisi: "nisingalimjibu". Wao: "je ne lui aurais pas répondu". Neno moja kwa maneno sita, na lile "pas" lazima likae kati ya aurais na répondu, halisogei.

Sasa aurais au serais? Kitabu changu kilikuwa na picha ya nyumba yenye ngazi na mlango, watu wanaingia, wanatoka, wanapanda, mmoja anazaliwa chumbani na mwingine anakufa sebuleni. Nyumba hiyo sikuielewa. Mimi nilianza kazi kama mpagazi Kilimanjaro, kwa hiyo vitenzi vya serais nimevipanga mlimani: unafika getini (arriver), unaingia (entrer), unapanda (monter), unaanguka (tomber), unabaki kambini (rester), unashuka (descendre), unaondoka (partir). Aller na venir ni barabara ya kwenda na kurudi. Naître na mourir nimeviacha chini kijijini. Ongeza vitenzi vyote vya kujifanyia, kama se lever (kuamka), navyo vinataka être, yaani kitenzi "kuwa", ambacho ndicho kinachozaa serais.

Ila mlima una mtego wake. "Les porteurs seraient montés" ni wapagazi wangekuwa wamepanda. Lakini "les porteurs auraient monté les tentes" ni wangekuwa wamesimamisha mahema. Kitenzi ni kile kile. Kikipata kitu cha kutendwa kinahama kutoka serais kwenda aurais. Na angalia ile s ya "montés": ukitumia être, mwisho wa kitenzi unafuata mtendaji. Mama wa Lyon serait partie, yeye na mumewe seraient partis. Masikioni hausikii tofauti. Kwenye maandishi wanaiona kabla hujamaliza sentensi.

Maandishi ndiyo yaliyoniaibisha zaidi. Wakala mmoja wa safari huko Ufaransa alitaka kujua kama vyumba vitakuwa tayari. Nikamjibu kwa kujiamini: "J'aurais confirmé avant vendredi." Nilikusudia "nitakuwa nimethibitisha kabla ya Ijumaa", ambayo ni j'aurai, bila s. Mimi nikaweka s, ikawa "ningekuwa nimethibitisha". Akajibu kwa mstari mmoja: na nini kilikuzuia? Ilinichukua simu mbili na salamu nyingi za familia kumtuliza. Wafaransa wengi ninaowasikia hutamka hizo mbili karibu sawa, kwa hiyo sikio halikuokoi. Mimi siku hizi najitafsiria kimoyomoyo kabla ya kutuma: nitakuwa, au ningekuwa?

Kisha kuna lawama. Mwezi wa tano wageni wengine waliniuliza ndama wa nyumbu wako wapi, wale wanaozaliwa kwa maelfu kule Ndutu. Nikawaambia ukweli: "Vous auriez dû venir en février." Ukweli kabisa, maana uzazi ule huwa kati ya mwishoni mwa Januari na Machi. Lakini bwana akakunja uso, na mke wake akamtazama yule bwana, nikaelewa kwamba tarehe alizipanga yeye. "Vous auriez dû" ni "mlipaswa", ina kidole cha kunyooshea ndani yake. "Tu aurais pu" nayo hivyo hivyo: tu aurais pu m'appeler, si ungenipigia hata simu! Siku hizi nasema: "En février, vous auriez vu les petits." Mngekuja Februari mngewaona wadogo. Hakuna aliyekosea, ni kalenda tu. Kidole nakiacha kwa ajili yangu mwenyewe: j'aurais dû, ilinipasa, na hapo majuto ni mjukuu kwa lugha zote mbili.

La mwisho nililijifunza kwa redio. Nilikuwa jikoni kambini na wapishi, RFI ya Kifaransa ikisema waziri wa nchi fulani "aurait démissionné". Wakaniuliza habari gani. Nikawaambia, waziri alikuwa ajiuzulu lakini hakujiuzulu. Asubuhi yake habari ikathibitishwa, kajiuzulu kweli, na wapishi wakanicheka wiki nzima. Hapo hakuna "si" wala majuto. Mtangazaji akitumia umbo hili anajiondoa kwenye dhamana: inasemekana amejiuzulu, inadaiwa, sisi hatujaona barua. Sisi tuna neno zima la kazi hiyo, wao wanabadilisha kitenzi tu. Tangu hapo nikisikia "aurait" kwenye taarifa ya habari natanguliza "inadaiwa" na nakaa salama.

Turudi kwa watu wa Lyon. Kesho yake tuliondoka saa kumi na mbili kamili, six heures yao, kahawa kwenye chupa ya chai. Tukazunguka kila mti wa Seronera mpaka jua likawa kali. Tuliona twiga, tukaona fisi mmoja aliyelala kwenye tope, na mkia wa chui hatukuuona. Bwana akavua kofia, akasema kwa utaratibu mzuri, kila kitenzi mahali pake: "Si nous étions restés au lit, nous n'aurions rien perdu." Tungebaki kitandani, tusingepoteza kitu.

Mkewe akampigia makofi.