Siku yangu moja: kuanzia kichupa cha kwenye mwendokasi mpaka banda la video

Saa 11 na nusu alfajiri mama anagonga mlango, "we mwanafunzi wa sinema, maji yanakatika!" Naamka, naoga fasta, huyoo Kimara kwenye foleni ya mwendokasi. Nimeshika simu sauti nimezima, nacheki kichupa cha Bongo Fleva, kila shoti ikibadilika napiga mstari kwenye daftari. Ndo homuweki yenyewe. Dakika ya kwanza haijaisha nimefika mikato 38, mtu akanisukuma hesabu ikapotea. Nikaanza upya.

Saa 2 asubuhi, darasani. Leo ni Andrew Goodwin, mchambuzi wa video za muziki, kitabu chake cha 1992. Anasema picha za video zinaweza kuonyesha maneno ya wimbo kama yalivyo, au kuyaongezea maana, au kuyapinga kabisa, na kila aina ya muziki ina mambo yake, na kampuni za muziki zinataka sura ya msanii ionekane kwa karibu mara nyingi. Mshkaji wangu akauliza, sasa msanii analia hela sina huku kaegemea gari la kifahari, hapo picha inapinga wimbo? Mwalimu akacheka, akasema au ndo desturi ya janra yenyewe, yaani aina hiyo ya muziki, bila gari watazamaji wataona video haijakamilika. Tukabishana nusu saa nzima aisee. Akamalizia na Thriller ya 1983, karibu dakika 14, Michael Jackson alimfuata mwongozaji John Landis aliyekuwa ameshatengeneza filamu ya mtu anayegeuka mbwamwitu, ndo maana mle kuna makaburi na mwezi mpevu, desturi za filamu ya kutisha zimehamia kwenye wimbo zima zima. Insha Ijumaa, marejeo yasipungue 3.

Saa 7 wali maharage. Bando limekata.

Saa 9 alasiri Coco Beach, tunashuti kichupa cha mazoezi. Hapa ndo napapenda. Tunataka slo mosheni ila midomo iende na wimbo, sasa ukishuti kawaida halafu ukapunguza kasi, midomo inachelewa. Dawa yake, kamera unaiweka fremu, yaani picha, 50 kwa sekunde, spika inapiga wimbo kwa kasi mara mbili, msanii anaimba mbio mbio sauti kama katuni, watu wa mihogo wanacheka mpaka basi. Ukirudisha kwenye fremu 25 midomo inakaa mahali pake, kitenge kinapepea taratibu, anaonekana staa kweli. Sisi tulipata vesi moja tu, spika ikazima chaji. Aliyetakiwa kuichaji ni mimi, tuyaache.

Saa 2 usiku nimerudi mtaani, napitia banda la video, kiingilio jero, sinema ya vita imetafsiriwa Kiswahili. Mbele yangu kakaa dogo wa darasa la 5 hivi anamenya karanga. Steringi kazungukwa na maadui kama 20, mimi roho juu, dogo hana habari, "steringi hafi." Kidogo askari mmoja akatoa mfukoni picha ya mchumba wake anamwonyesha mwenzie. Dogo akasema, "huyu ndo anakufa." Mtafsiri hajamaliza sentensi, jamaa kala risasi.

Marejeo 2 ninayo. La tatu limekaa benchi la mbele linamenya karanga, sijui nitaliandikaje.