Tulivyoizunguka Quanzhou kwa siku moja, na maua kichwani

Uongozi wa msafara nilijipa mwenyewe. Nasoma Xiamen, China, na kutoka pale hadi Quanzhou kwa treni ya mwendokasi ni kama nusu saa tu, kwa hiyo waliponitembelea rafiki zangu wawili, dada wa Unguja na kaka wa Mombasa, niliona aibu kuwaacha washinde madukani. Nikaandika orodha ya sehemu tisa. Tuliona tatu.

Tulianza kuchelewa kabla hata ya kupanda. China tiketi ya treni huandikwa kwa namba ya pasi, na mgeni lazima aionyeshe mlangoni. Kaka alikuwa ameiacha hosteli, eti asije akaipoteza. Tukakimbilia kuifuata, treni ikatuacha, nikapanga foleni dirishani kubadilisha tiketi. Tangu hapo pasi zote tatu nilizishika mimi.

Quanzhou tulikwenda moja kwa moja Xunpu, kijiji cha wavuvi ukingoni mwa mji ambako akina mama husuka nywele kisogoni na kuzizungushia maua, duara juu ya duara. Siku hizi wageni nao hulipa wapambwe. Mama aliyenishika mimi alizipapasa rasta zangu, akazipima uzito mkononi, akamwita jirani yake naye aje aone. Wakacheka, nami nikacheka. Kitana akakiweka pembeni, akazikusanya akazikunja fundo moja kubwa, akalichoma kijiti chekundu mfano wa vile vya kulia, kisha akaanza kupachika maua. Yule wa Unguja hakutaka kuvua mtandio, basi akapachikiwa juu yake. Ghafla akanyamaza, akanusa. "Wee, hii asumini! Si kikuba hiki?"

Kuta za nyumba za zamani pale zimepambwa kwa makombe ya chaza, yamepangwa kama magamba ya samaki. Kaka alizigusagusa sana. Kwao Mji wa Kale kuta ni matumbawe na chokaa. Huku nao wameijengea bahari yao.

Chakula cha mchana kilinisumbua, kwa sababu vyakula vingi vya huko vina nguruwe. Nilikuwa nimeshatafuta kwenye ramani ya simu mgahawa wa tambi za Lanzhou, ambao kwa kawaida huwa wa Waislamu na huandikwa halali mlangoni. Ukisafiri na Waislamu China, anza na hilo, mengine baadaye.

Kisha msikiti wa Qingjing, katikati ya mji. Ulijengwa mwaka 1009. Jirani yake ni hekalu lenye moshi wa udi tangu asubuhi, na moshi ule unavuka ukuta bila kuuliza dini ya mtu. Lango ni la mawe, refu, limechongwa matao ndani ya matao. Ukumbi wa zamani wa kuswalia hauna paa. Zimebaki kuta, nguzo na anga. Nyuma ya lango kuna maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa. Dada amepita chuo cha Kurani, akasogea karibu akaanza kusoma polepole, kidole hewani, mpaka alipofika kwenye mwaka: mia nne Hijria. Maandishi yanamtaja pia aliyeukarabati miaka mia tatu baadaye, mtu wa Shiraz. Kaka akageuka. "Shiraz? Hawa Washirazi wa kwetu?" Nikamwambia mji huu wa Quanzhou hasa ndio Waarabu waliouita Zaitun, na msafiri Ibn Battuta, aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, ameutaja katika safari zake. Tulikaa pale saa nzima. Hapo ndipo orodha yangu ilipokufa, na sikuililia.

Tuliwahi hekalu la Kaiyuan, lenye minara miwili ya mawe ya karne ya 13. Ni mirefu kweli, lakini kilichotushika ni jahazi la kale lililohifadhiwa humo humo. Lilifukuliwa bandari ya Houzhu mwaka 1974, la enzi ya watawala wa Song, karne ya 13, limebaki mbao nyeusi za chini, urefu wa mita 24 na kidogo. Ndani walikuta pilipili manga, ubani, ambari na kauri. Kaka ana mjomba fundi wa majahazi, kwa hiyo hakutazama shehena, alitazama mbavu. Akahesabu kuta za ndani: 12, zimeligawa tumbo la chombo vyumba 13. "Letu likitoboka, limetoboka lote," akasema. "Hili chumba kimoja kikijaa maji, lingine lote laelea." Akaipiga picha kila pembe amtumie mjomba, mpaka mlinzi akaja kutuonyesha saa.

Luoyang, daraja la mawe la karne ya 11 nililokuwa nikilisifia wiki nzima, hatukufika. Giza lilikuwa limeshaingia.

Kwenye treni ya kurudi watu walitutazama, nikakumbuka maua bado tunayo kichwani. Kaka alikuwa amelala. Dada alizichomoa asumini moja moja kutoka kwenye mtandio, akazifunga kwenye tishu, akaniomba pasi yake, akazilaza katikati ya kurasa.