Tyubu kwenye nguzo ya taa mtaani kwako

Ukipita mitaa ya Birmingham, Leicester, Reading au Lewisham hapa Uingereza, inua macho utazame nguzo za taa, hasa zile za kwenye makutano yenye foleni. Mita mbili hadi nne juu ya ardhi utaona kitu chembamba kama kidole: tyubu ya plastiki imesimama wima kwenye kibao kidogo, mdomo umeelekea chini. Hicho ndicho kipimo cha hewa cha halmashauri, au kaunsili kama tunavyoiita huku. Namba inayotoka humo ndiyo inayoamua kama moshi wa magari mtaani kwako utashughulikiwa au utaachwa hivyo hivyo.

Tyubu ina urefu wa sentimita 7 hivi. Juu kuna kifuniko cha rangi, na ndani yake vyavu viwili vya chuma kisichoshika kutu vilivyopakwa kemikali iitwayo trietanolamini. Haina betri wala pampu. Gesi ya naitrojeni dayoksaidi, inayotoka kwa wingi kwenye magari ya dizeli, hupanda yenyewe polepole hadi kunaswa na ile kemikali. Mhudumu hutoa kifuniko cha chini, huandika tarehe na saa, kisha hurudi baada ya wiki nne au tano, akaifunika na kuweka nyingine. Maabara hutia dawa inayogeuza kilichonaswa kuwa rangi ya zambarau. Rangi ikikolea, gesi ilikuwa nyingi.

Kifaa ni rahisi, na kinaharibika kirahisi vilevile. Buibui hujenga ndani. Maji huingia. Wahuni huzing'oa. Nguzo hubadilishwa na mafundi wa taa, tyubu ikaenda nayo. Upepo mkali ukivuma mdomoni huisukuma hewa ndani, na kipimo kikapanda kuliko hali halisi. Ikigusana na ukuta, uso wa ukuta hunyonya gesi na kipimo kikashuka, ndiyo maana kibao huitenga angalau sentimita 5. Ikiwekwa karibu na bomba la moshi wa boila, unapima boila ya jirani, si barabara. Kwa tahadhari, tyubu moja husafiri na wenzake bila kufunguliwa kabisa, ili ijulikane kama kuna uchafu ulioingia njiani au kwenye friji.

Sasa hapa ndipo wengi hupotea wakisoma ripoti ya hewa ya halmashauri. Namba ya maabara siyo namba ya mwisho. Halmashauri huweka tyubu tatu ubavuni mwa mashine kubwa inayopima saa zote, ikalinganisha majibu, au hutumia kizidishio (namba ya kuzidishia ili kusahihisha kipimo) kutoka jedwali la taifa. Tuseme wastani wa tyubu zako kwa mwaka ni maikrogramu 46 kwa mita ya ujazo, na kizidishio ni 0.80. Jibu ni 36.8. Kisha kama nguzo iko ukingoni mwa barabara na mlango wa nyumba uko mita sita ndani, hupigwa hesabu nyingine ya umbali, na namba ikashuka tena. Hakuna ujanja hapo, ni utaratibu halali. Ila dai uambiwe kila hatua: kizidishio gani, kimetoka wapi, umbali gani.

Kikomo cha kisheria cha wastani wa mwaka ni 40. Kikivukwa mahali watu wanapoishi, Sheria ya Mazingira ya 1995 inailazimu halmashauri kutangaza eneo hilo kuwa la kusimamiwa hewa, na mwongozo wa England unaipa miezi 18 kukamilisha mpango wa hatua. Kwenye majedwali ya ripoti, namba iliyovuka 40 huandikwa kwa wino mzito. Iliyovuka 60 hupigwa na mstari chini, kwa kuwa hapo hata kikomo cha wastani wa saa moja huenda kimevukwa. Zitazame pia zilizo kati ya 36 na 40, maana tyubu hizi zina ukingo mpana wa makosa.

Na 40 si salama. Shirika la Afya Duniani tangu 2021 linasema 10. Ella Kissi-Debrah, mtoto wa miaka tisa aliyekuwa na pumu, aliishi Lewisham karibu na barabara ya South Circular. Alifariki Februari 2013, na Desemba 2020 mchunguzi wa vifo aliamua kwamba hewa chafu ilichangia kifo chake. Mzazi mwenye mtoto wa pumu asitulizwe kwa kuambiwa "tuko chini ya kikomo".

Jambo moja linatuhusu sana sisi wenye maduka, saluni na mikahawa kwenye barabara kuu: kikomo cha mwaka hakihesabiwi mahali pa kazi. Kinahesabiwa kwenye nyumba, shule, hospitali na makao ya wazee. Ukilalamika kwa jina la duka utajibiwa kwa heshima na faili litafungwa. Andika kwa niaba ya familia zinazoishi kwenye fleti za juu ya duka.

Barua iende idara ya afya ya mazingira. Kalenda ya taifa ya kubadilisha tyubu huanza Januari, kwa hiyo andika mwezi wa tisa au wa kumi, kabla orodha ya vituo vya kuwekea tyubu haijafungwa. Taja namba ya nguzo, imebandikwa kwenye nguzo yenyewe. Taja nyumba ngapi ziko karibu, shule iko umbali gani, na saa ambazo foleni husimama. Ripoti ya mwaka uliopita, nje ya London, hupelekwa serikalini ifikapo 30 Juni. Isome kwanza usije ukaomba kituo ambacho tayari kipo.

Kikishawekwa, kilinde. Data ikiwa chini ya asilimia 75 ya mwaka inabidi ikadiriwe kwa kutumia vituo vingine; ikishuka chini ya asilimia 25 haitumiki kabisa. Ukiona kibao kitupu, wapigie wiki hiyohiyo na uwatajie namba ya nguzo.