Nilivyopasha moto upepo wa kompresa

Baridi ya Njombe mwezi Juni na Julai haina mchezo. Mimi ni fundi rangi wa magari, na msimu huo ulikuwa ukinitia hasara kila mwaka. Napiga rangi asubuhi, boneti inang'aa, dakika kumi baadaye imepauka, ina weupe kama ukungu juu ya kioo. Nasugua kwa msasa, naanza upya, rangi na tina (kimiminika cha kuyeyushia rangi) kwa gharama yangu.

Chanzo ni maji. Upepo wa kompresa, mashine ya kushindilia hewa, ukitoka kwenye bunduki ya rangi unatanuka na kupoa, na tina ikikauka inanyonya joto la bati. Bati likipoa sana, unyevu wa hewani unatua juu ya rangi mbichi kama umande.

Nikaamua kuupasha upepo wenyewe. Mara ya kwanza nilikosea: niliweka koili, bomba lililozungushwa la kupashia upepo, kati ya tangi la kompresa na chujio la maji, bunduki ikazidi kutema matone. Mzee mmoja fundi friji, aliyekuja kuazima spana, alishika lile chujio akakuta ni la moto. "Kijana wangu," akasema, "maji yakiwa mvuke hayakamatiki. Poza kwanza, chuja, ndiyo upashe."

Nikapanga upya. Upepo ukitoka kwenye tangi unapita kwanza bomba refu la chuma ukutani, lenye mwinamo kidogo na koki ya kumwagia maji mwishoni, kisha chujio. Baada ya chujio ndipo koili ya shaba, mita 12, imezama ndani ya pipa la maji ya nyuzi 60 yanayochemshwa na hita ya umeme. Pipa halina mfuniko, mvuke usije ukajifungia, na liko nje ya chumba cha rangi kwa sababu hewa yenye tina inashika moto upesi. Wapo wanaoweka jiko la mkaa chini ya tangi la kompresa. Nawasihi ndugu zangu, msithubutu. Humo mna upepo wenye shinikizo la baa 8, na chuma kikipata moto kinalegea. Likipasuka, linaua.

Nilihofia bure kwamba LUKU, umeme wa kulipia kabla, itaisha haraka. Bunduki yangu inakula lita 200 za hewa kwa dakika, yaani gramu 4 hivi kila sekunde, na kuipandisha nyuzi 40 kunataka wati 160 tu. Pasi ya nguo inakula mara sita ya hapo. Kilichonisumbua ni mpira wa kupeleka upepo kwenye bunduki: mita 10 zilizolala juu ya saruji zilikuwa zinanirudishia upepo baridi. Nikabakiza mita 4, nikauvika sponji nyeusi ya mabomba ya AC. Sasa nikiweka mgongo wa mkono mbele ya bunduki nasikia uvuguvugu.

Julai hii nilipiga rangi Toyota Noah nyeusi saa moja asubuhi, nje bado kuna ukungu. Mama mwenye gari alipofika saa nne, maua ya kitenge chake yalionekana yote kwenye mlango.